Kufuli ndio shida: wiki ya kuhesabu wamama waliofikiwa na ushauri wa kulisha mtoto, Mukuru mpaka Pipeline

Jumatatu, Mukuru kwa Njenga

Kabla hujaingia kwa ploti ya mtu Mukuru, hapa Nairobi, na tableti mkononi lazima upitie kwa chifu, halafu mzee wa kijiji, halafu ndio CHP, yaani mhudumu wa afya wa jamii, akupokee, na hata ukiwa umevaa leseni ya NACOSTI (ruhusa ya serikali ya kufanya utafiti) shingoni kama huyo mzee hakujui, hiyo leseni ni karatasi ya kufungia njugu tu. Asubuhi yote imeishia hapo. Mzee mwenyewe hakuwa mbaya, alitaka tu kujua kama tunapeana kitu. Hatupeani kitu. Akacheka akasema basi mtamaliza mapema sana.

Kazi ukiisikia inakaa rahisi. Tunataka kujua, kwa kila wamama mia wenye mtoto wa chini ya miaka miwili, ni wangapi waliongeleshwa na mtu wa afya kuhusu kunyonyesha na kulisha. Sio kunyonyesha kwenyewe, hiyo imepimwa sana na namba ziko: KDHS, ule utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya, wa 2008-09 ilipata asilimia 32 ya watoto wa chini ya miezi sita wananyonya tu bila kitu kingine, ya 2014 ikapata 61, ya 2022 ikapata 60. Yaani tulipanda vizuri kabisa halafu tukakwama, na watu wakikwama wanaanza kuuliza, je, ujumbe unafika? Nani anaambiwa, anaambiwa lini, na nani? Sasa hapo ndio tumetumwa.

Shirika la Afya Duniani (WHO), kwa mwongozo wao wa 2018, walisema mama akaliwe chini, yaani mtu akae naye amshauri, angalau mara sita: akiwa na mimba, akijifungua na zile siku mbili tatu za kwanza, wiki ya kwanza au ya pili, miezi mitatu hadi minne, miezi sita mtoto akianza chakula, na tena baada ya hapo. Uso kwa uso, simu ni ya kuongezea tu. Sasa chukua ratiba yetu ya chanjo uweke kando ya hiyo. Kuzaliwa, wiki ya 6, ya 10, ya 14, halafu surua miezi 9. Kati ya wiki ya 14 na miezi 9 kuna pengo kubwa, na ndani ya hilo pengo ndio mtoto anaanza uji. Iko ile vitamini A ya miezi sita, ndio, lakini waulize manesi ni wamama wangapi wanakuja kwa sababu ya tone la vitamini na hakuna sindano. Mimi nikiona ushauri wa kulisha umefungwa kwa chanjo hivyo huwa najua swali la miezi sita litajibiwa "hapana" kabla sijauliza.

Mchana tumeorodhesha nyumba. Jua kali, mitaro imefurika, na kila ploti ina milango kama kumi imeangaliana. Unapiga hodi, unaandika nani anaishi, kama kuna mtoto mdogo. Mingi imefungwa na kufuli. Nimeandika "K" kwa kila kufuli, na kufika jioni karatasi yangu imejaa K mpaka nikaanza kushtuka.

Jumanne, bado Njenga

Mahojiano yameanza. CHP wetu ni mama mmoja mkali, mtaa wote unamwita daktari, anatembea haraka kuliko sisi na begi lake la kazi mgongoni. Hawa ndio wale waliokuwa wanaitwa CHV, wa kujitolea, serikali ikawapatia jina jipya, vifaa na simu mwaka wa 2023, na malipo ya 5,000 kwa mwezi, nusu serikali kuu nusu kaunti. Kila mmoja ana nyumba kama mia. Mia, na kila nyumba ina TB, presha, mimba, mtoto, choo, sasa kulisha mtoto ni kitu kimoja tu kwa hiyo orodha yake ndefu.

Mahojiano ya leo nitakayoyakumbuka ni ya mama mmoja alikuwa anakaanga mandazi mlangoni, mtoto wa miezi minne na kitu amefungwa mgongoni kwa leso. Tulifanyia hapohapo, akigeuza mandazi. Nikasoma swali vile limeandikwa: miezi sita iliyopita, kuna mhudumu wa afya au CHP aliongea na wewe kuhusu vile unafaa kulisha mtoto? "Ndio, waliongea." Haraka sana, hata hakufikiria. Kwa sava nyingi, yaani tafiti za maswali nyumba kwa nyumba, ingeishia hapo, tiki, mama amefikiwa, twende nyumba ingine.

Fomu yetu inaendelea. Ilikuwa wapi? Kliniki, siku ya chanjo. Mlikuwa wawili ama wengi? "Tulikuwa kwa laini, nesi alikuwa anaongea huku anaita majina." Alisema nini? Hapo akanyamaza, akatoa mandazi mawili kwa mafuta, akasema, "Alisema tunyonyeshe." Ulimuuliza swali lolote? Akanitazama kama nimeuliza kama alimuuliza dereva wa matatu habari ya nyumbani.

Halafu ile sehemu ya masaa 24, kuanzia jana saa hii mtoto amepewa nini. Nyonyo. Maji kidogo juu ya joto. Ile dawa ya tumbo ya chupa, kijiko kimoja usiku. Na shosho wa jirani alimpatia uji wa wimbi, mwepesi, vijiko viwili tu, ndio alale. Alisema yote bila aibu, kwa sababu kwake hakuna kitu hapo kinapingana na kunyonyesha. Ananyonyesha! Kila saa! Kitu ambacho hakuna mtu alimkalia chini kumwambia ni kwamba hata maji hapana mpaka miezi sita iishe, na akilia usiku sio lazima iwe njaa.

CHP alikuwa amesimama hapo anasikia yote na haruhusiwi kusema kitu mpaka nimalize, hiyo ni sheria ya sava, ukianza kufundisha katikati umeharibu majibu. Nimemaliza sentensi ya mwisho hivi, CHP akakaa kwa stuli kando ya mama na hakuamka karibu nusu saa. Nilimwacha nikaenda mlango mwingine.

Ya leo ingine ni kufuli. Nyumba nyingi zilizochaguliwa kwa sampuli zimefungwa. Mwenzangu mmoja akasema tuingie tu ya jirani, yule mama yuko na ana mtoto saizi hiyohiyo. Supavaiza akakataa katakata na mimi nilikuwa upande wake. Fikiria vizuri: mama anayepatikana saa nne asubuhi ndiye pia CHP anampata saa nne asubuhi. Yule amefungwa kufuli sisi tumemkosa na CHP alimkosa. Ukibadilisha wa kufuli na wa jirani, kila mara unatoa mtu ambaye pengine hajafikiwa unaweka ambaye pengine amefikiwa, na asilimia inapanda vizuri sana, na ripoti inameremeta, na hakuna mtu amedanganya. Hii kitu imenikaa kichwani siku nzima.

Jumatano, kliniki

Leo hakuna nyumba, tumekaa kwa kituo kimoja cha afya tukiangalia rejista na kuangalia kazi inavyoenda. Sitataja ni wapi na haina haja, ukienda kingine utakuta hivyohivyo.

Siku ya chanjo wamama wanafika kabla ya saa mbili. Bechi za mbao zinajaa, wengine wamesimama na watoto. Nesi ni mmoja na mwanafunzi mmoja wa mafunzo. Saa mbili na nusu anasimama mbele anaongea kama dakika saba: nyonyesha pekee miezi sita, usipe maji, kula vizuri wewe mwenyewe, ukiona mtoto ana joto njoo. Vizuri kabisa, sauti kubwa, hata alichekesha. Waliokuja saa tatu hawakusikia. Waliokaa nyuma na mtoto analia hawakusikia pia. Halafu mzani, halafu sindano, halafu kuandika, na kwa rejista ile sehemu ya kama mtoto ananyonya pekee inajazwa mama akiwa amenyoosha mkono kuchukua kitabu chake aende. "Unanyonyesha?" "Eeh." Imejazwa. Hiyo inaenda kwa ripoti ya mwezi, inaingia kwa KHIS, mfumo wa taarifa za afya wa nchi, inakuwa namba ya Nairobi.

Nilimuuliza nesi kama huwa anapata nafasi ya kumkalia mama mmoja. Akaniuliza na yeye: nikimkalia huyu dakika kumi na tano, yule wa mwisho atadungwa saa ngapi? Sikuwa na jibu. Akaongeza kwamba wale anaowaita kando ni wenye mtoto hajaongeza kilo, yaani ushauri wa kweli unakuja shida ikishaingia.

Na hapo kuna hesabu ingine ya dunia inayoangalia ni vituo vingapi vya afya vya chini vinatoa ushauri wa mtu mmoja mmoja. Vituo, sio wamama. Kwa hesabu hiyo hiki kituo kinatoa, nesi amefunzwa, picha ziko ukutani, chumba kiko japo kimejaa maboksi. Sio uongo. Lakini kituo kuweza kutoa na mama kupata, hapo katikati kuna bechi ya wamama wengi na nesi mmoja.

Usiku kwa mkutano wa timu tuligombana, kwa heshima lakini tuligombana: mama wa kwenye laini, yule wa mandazi, amefikiwa ama hajafikiwa? Wengine walisema amefikiwa, alisikia ujumbe, na ukweli ni kwamba kile kiashiria cha WHO cha ufuatiliaji wa lishe kinakubali hata ujumbe, mara moja tu ndani ya miezi 12. Maswali mapya ya DHS (mpango wa kimataifa ambao KDHS ni sehemu yake) yanauliza miezi sita, lakini pia mara moja inatosha. Kwa hizo hesabu mama aliyesikia dakika saba kwa laini na mama aliyekaliwa chini mara sita wote ni "ndio" moja. Mimi nilisema zitenganishwe, aliyesikia kwa kikundi kivyake, aliyeongeleshwa peke yake kivyake, na aliyeangaliwa akinyonyesha kivyake. Tumekubaliana hivyo mwishowe, kwa sababu fomu tayari ina hizo data, ni kupanga tu meza.

Alhamisi, Pipeline

Magorofa. Ngazi hazina mwanga hata saa sita mchana, nguo zinaning'inia mpaka hujui kama kuna mvua, na kila gorofa ina vyumba pande zote za korido. Keateka, mwangalizi wa jengo, ndiye mwenye mamlaka, bila yeye hupiti geti.

Hapa kitu nimeona ni wasichana wa kazi. Mlango unafunguliwa na msichana wa miaka kumi na nane, kumi na tisa, mtoto kiunoni, mama ameenda kazi town anarudi saa mbili usiku. Ukimuuliza, anajua kila kitu kuhusu huyo mtoto, anakula nini, saa ngapi, anakataa nini. Mmoja alinionyesha ratiba ya mama yake mwajiri kwa karatasi imebandikwa kwa friji: maziwa ya paketi saa nne, waru na karoti saa saba, ndizi. Yai? "Mama alisema yai mpaka afike mwaka." Mtoto ana miezi minane. Kitabu cha kliniki kiko hapohapo juu ya friji, kina ukurasa mzima wa vyakula vya kuanzia miezi sita na yai limo.

Huyu msichana hayuko kwa sampuli. Swali ni la mama. Tukimpata mama jioni na aseme aliongeleshwa, nyumba imefikiwa, na anayeshika kijiko siku tano kwa wiki hajawahi kuona mtu wa afya zaidi ya siku alipopeleka mtoto chanjo, na siku hiyo aliambiwa mwambie mama akuje mwenyewe.

Ijumaa, Mukuru kwa Reuben

Upande wa Enterprise Road, ambako wamama wengi wanaingia viwandani alfajiri. Nimeomba supavaiza niangalie bebi kea moja nje ya kazi ya fomu na akakubali nusu saa.

Chumba kimoja cha mabati, mkeka, godoro mbili za foronya ya plastiki, watoto wamelala wamepangwa, wengine wamekaa ukutani wanatafuna kitu. Kwa rafu kuna chupa za maziwa zimepangwa, kila moja imebandikwa plasta na jina limeandikwa kwa kalamu ya wino, majina mengine yamefutika. Ndani kuna maziwa ya paketi yaliyoongezwa maji, uji mwepesi, moja chai ya rangi. Hakuna hata moja yenye maziwa ya mama. Mwenye bebi kea, mama mtu mzima mwenye roho nzuri tu, alishangaa nilipouliza kama kuna wanaoleta maziwa waliyokamua. "Nyonyo kwa chupa? Kaka, si itaharibika? Na wamama wengine wataniuliza nini?" Hajawahi kuambiwa na mtu kwamba inawezekana, kwamba inapewa kwa kikombe, kwamba hata haihitaji chupa. Anashika watoto wa miezi mitatu kwenda juu. Kwa mahali kama hapa yeye peke yake ana midomo mingi ya watoto ya kulisha kuliko familia tano, na kwa ramani yetu ya klasta (vipande vya mtaa tulivyochaguliwa kuhesabu) hiki chumba ni "biashara", hakiorodheshwi.

Watu wa hesabu wanapenda kutaja ule utafiti wa APHRC (kituo cha utafiti wa idadi ya watu na afya) wa Korogocho na Viwandani, uliochapishwa 2011, uliopata kwamba ni kama asilimia 2 tu ya watoto walinyonya pekee miezi sita yote. Halafu wakaja na jaribio la wahudumu wa jamii kutembelea wamama nyumbani, na mwishoni zaidi ya nusu walikuwa wananyonyesha pekee, na kitu kilichowashangaza wengi ni kwamba hata wale wamama wa kulinganishwa nao walipanda karibu sawa. Mimi sishangai sana, watu wanaishi ukuta kwa ukuta, ukimfundisha huyu umemfundisha na wa nyuma ya bati. Ila usichukue hiyo 2 uweke kando ya 60 ya KDHS ufurahi, maana moja iliuliza tangu kuzaliwa na ingine inauliza jana tu. Mtoto aliyepewa maji wiki jana na jana akanyonya tu, kwa KDHS ananyonya pekee.

Jumamosi

Data ilikataa kupanda, mtandao, tumekaa cyber. Hakuna ya kusema.

Jumapili jioni, kurudi kwa kufuli za Njenga

Nilikuwa nimepigania hii siku na nashukuru nilipigania. CHP alikubali kuja japo ni Jumapili na ametoka kanisani. Karatasi ya K mkononi, mlango kwa mlango, na milango ilifunguka! Sio yote, lakini ile iliyofunguka ilikuwa na watu wengine kabisa kuliko wa wiki.

Mmoja ni mama anafanya kibarua kiwandani, anatoka saa kumi na moja asubuhi anarudi saa moja usiku, mtoto ana miezi mitano na alirudi kazi mtoto hajafika miezi miwili. Sheria ya ajira ya 2007 inasema miezi mitatu ya uzazi na mshahara, lakini kibarua wa kuitwa kwa siku akikosa siku, ameitwa mwingine. Sheria ya afya ya 2017 inasema mwajiri aweke chumba cha kunyonyeshea. Nilimuuliza kama kazini kiko. Alicheka mpaka mtoto akaamka.

Nikauliza zile nyakati zote za mwongozo wa WHO. Ujauzito? Alienda kliniki mara mbili, hakumbuki. Baada ya kujifungua? Hapo akaamka akaonyesha kabisa: nesi alimshikia mtoto kichwa, akamwambia asimpe ncha ya chuchu tu, mdomo ufunguke ushike mpaka ile sehemu nyeusi, kidevu kiguse titi, na mtoto akanyonya na uchungu ukaisha. Alikumbuka kila kitu, miezi mitano baadaye, na ilikuwa dakika chache tu na mtu mmoja. Baada ya hapo? Hakuna. Sio CHP, sio simu, hakuna.

CHP alikuwa mlangoni. Akasema pole pole, "Mimi hupita hapa kila mwezi, mama. Kufuli." Na mama akajibu, "Na mimi huambiwa ulipita." Hawakuwa wamewahi kuonana ana kwa ana na wanaishi ploti tatu kutoka kwa nyingine. Walipeana namba hapohapo, wakapanga Jumapili saa kumi, na kabla sijafunga tableti mama alikuwa ameshauliza kuhusu kukamua: anaweza kuacha yake kwa bebi kea na wakubali? CHP akasema ataenda naye kuongea na mwenye bebi kea.

Wamama wa jioni ya leo karibu wote walijibu hivyo, kitu kidogo hospitali halafu kimya. Nikilinganisha na majibu ya Jumanne ni kama mitaa miwili tofauti. Nimempigia supavaiza, nikamwambia kwa ripoti asilimia ya waliofikiwa isitoke peke yake, iandikwe kando yake ni nyumba ngapi zilikuwa kufuli mchana, ngapi zilifunguka jioni na zilijibu nini, na ngapi hazikufunguka kabisa. Akauliza kama najua wenye pesa wanapenda namba moja. Najua. Tukabishana kidogo na yeye yuko kwa matatu hasikii vizuri. Mwishowe amesema itaingia, lakini ukurasa wa ndani.